Jibu: Nywele za mwanasesere wa kufuma zinang'oka
Salaam, dada. Umeeleza kwamba misuko ya mwanasesere wako inang'oka mtoto anapoivuta, na pamba inaonekana kichwani. Kagua kwanza vitanzi vya kichwa, kwa sababu vikilegea haviwezi kushikilia nywele. Ili vitanzi vikaze, mimi hutumia sindano za milimita 3 kwa uzi ambao lebo yake inapendekeza milimita 4. Kisha kata nyuzi zenye urefu mara mbili ya nywele unazotaka, uzilaze kukatiza utosi, uzishone kwenye njia ya katikati, na kabla ya kusuka ukaze kila fungu usawa wa sikio kwa uzi unaopenya hadi ndani ya kichwa, ili mvuto uishie hapo. Gundi siipendekezi kabisa. Gauni la mwanasesere wako ni zuri, ila kifungo chake kiondoe, maana mtoto mdogo anaweza kukimeza.