Springi za Valvu: Pima Kabla ya Kununua

Gari langu ni Toyota Corolla yenye injini ya 4A-GE ya valvu 16, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifungua na kufunga hedi yake (sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu) hapa Arusha, nikitafuta injini itakayofika mizunguko 8,000 kwa dakika bila kujiumiza. Hamu hiyo ina sababu. Mji wetu uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa kama asilimia 15 kuliko Tanga au Dar es Salaam, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) hupoteza nguvu karibu kwa kiasi hicho hicho. Asiyetaka kufunga tabo huishia kutafuta mizunguko, na mizunguko mikubwa hudai springi za valvu zinazoiweza.

Seti yangu ya kwanza ya springi niliinunua kwa kigezo kimoja tu, nacho ni ugumu. Muuzaji aliniandikia kwamba zinaingia moja kwa moja, nami sikupima chochote. Baada ya miezi miwili injini ilianza kugonga upande wa juu, na tulipofungua tukakuta nundu za kamshafti (mhimili ambao nundu zake husukuma valvu zifunguke) zimelika, na pete za springi kadhaa zina alama za kugongana zenyewe kwa zenyewe. Gharama ya kamshafti mpya ilizidi mara kadhaa bei ya springi, na kosa lote lingeonekana kwa dakika kumi za kutumia vanie, kile kipimio cha milimita.

Kwanza ni vizuri kuelewa kazi ya springi. Injini inapozunguka mara 8,000 kwa dakika, kamshafti huzunguka mara 4,000, yaani kila valvu hufunguka na kufungwa kama mara 67 kwa sekunde. Nguvu inayohitajika kuirudisha valvu ikiifuata nundu huongezeka kwa kipeo cha pili cha mizunguko: ukitoka 6,500 kwenda 8,000 umeongeza mizunguko kwa asilimia 23, lakini nguvu hiyo imepanda kwa asilimia 51. Springi ikishindwa, valvu huachana na nundu, hurudi kwenye kiti chake kwa kishindo na kudunda, na ikichelewa zaidi inaweza kukutana na pistoni. Ndiyo maana wengi hukimbilia springi ngumu. Hata hivyo, ugumu wote unaozidi mahitaji hubebwa na nundu, vikombe (vinavyokaa kati ya nundu na valvu) na utando mwembamba wa oili ulio kati yao, tena kila siku, hata unapotembea polepole kwenye foleni ya Mianzini.

Kwa hiyo mimi sasa huanza na kamshafti, wala si springi. Kamshafti za kiwandani za injini yangu ni za digrii 240 (kipimo cha muda ambao valvu hukaa wazi), na nguvu yake hufika kileleni kwenye mizunguko kama 6,600. Kuipeleka hadi 8,000 bila kuzibadilisha ni kuchosha vyuma bure. Digrii 264 zinatosha gari la barabarani linaloshiriki mashindano mara moja moja. Nimewahi kuendesha gari la rafiki yangu lenye digrii 288, na kwenye vilima vya Ngaramtoni lilikuwa halina nguvu mpaka mshale uvuke 5,000. Ukishajua kamshafti na kikomo cha mizunguko, mtengenezaji wa kamshafti huonyesha mgandamizo wa springi unaotakiwa valvu ikiwa imefungwa na ikiwa wazi kabisa, nawe unatafuta springi ya namba hizo.

Kisha pima kwenye hedi yako mwenyewe, kwa sababu hedi iliyowahi kukatwa viti haina tena vipimo vya kiwandani. Springi zangu zile zilikaa kwenye urefu wa milimita 35 valvu ikiwa imefungwa. Kamshafti iliinua milimita 9, ikabaki 26, wakati pete zote hugusana kwenye 25.6. Nafasi ya milimita 0.4 ni ndogo mno, kwa kuwa kwenye mizunguko mikubwa springi yenyewe hutikisika kama mawimbi. Mimi sishuki chini ya milimita 1, na napendelea 1.5. Pima pia nafasi kati ya kofia ya springi (kisahani kinachoibana kwa juu) na sili ya valvu (mpira unaozuia oili), jambo ambalo mafundi wengi hulisahau. Kupima mgandamizo si lazima uwe na mashine maalumu: fundi wangu wa Unga Limited huweka mizani ya kupimia watu chini ya mashine ya kutobolea, akaibana springi hadi urefu unaotakiwa na kusoma kilo. Springi inayotofautiana sana na wenzake huwekwa kando.

Kupunguza uzito wa vifaa vinavyotembea na valvu husaidia kuliko kuongeza ugumu. Kofia za titani ni nyepesi sana, lakini hulika pale springi inapozisugua, na kwa gari linalokula vumbi la Monduli mimi nachagua kofia nyembamba za chuma kigumu. Springi zilizochongoka juu huruhusu kofia ndogo zaidi, nazo hutulia vizuri. Kwenye 4A-GE ya valvu 16 kuna jambo jingine: shimu (kisahani cha kurekebishia nafasi kati ya nundu na kikombe) hukaa juu ya kikombe, na nundu ndefu kwenye mizunguko mikubwa inaweza kuirusha nje, kwa hiyo ukifunga kamshafti kali nunua vikombe ambavyo shimu yake hukaa chini.

Valvu nzuri za chuma kisichoshika kutu zinatosha. Springi na loki (vipande vidogo vinavyoishika kofia kwenye valvu) za mtumba usinunue kabisa.

Kabla ya kufunga moja kwa moja, bandika udongo wa kufinyangia juu ya pistoni, funga hedi, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, fungua na upime unene uliobaki. Nahitaji angalau milimita 2 upande wa kuingiza hewa na 2.5 upande wa moshi, kwa sababu valvu ya moshi hutanuka kwa joto na pistoni huja nyuma yake ikiifukuza. Ujue pia kwamba ukikosea gia, ukaingiza ya pili badala ya ya nne, magurudumu ndiyo yatakayoizungusha injini, na kikomo cha mizunguko kilichowekwa kwenye kompyuta hakitazuia kitu.

Baada ya kilomita 1,000 rudi na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) upime kati ya nundu na kikombe, injini ikiwa baridi. Nafasi ikiwa imepungua, valvu inazama kwenye kiti chake; ikiwa imeongezeka, kagua nundu na shimu siku hiyo hiyo.