Ibada ya Jumapili bila padre na Misa ya kwenye simu: jibu kwa mama wa kigangoni

SWALI

Baba Padre, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mama wa kigango kimoja, kanisa dogo lililo chini ya parokia, kando ya Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma. Padre hutufikia mara moja kwa mwezi, na wakati wa masika, barabara ikikatika, hupita hata miezi miwili. Jumapili nyingine zote mwalimu katekista, muumini asiye padre anayetufundisha dini, hutuongoza katika ibada. Sasa mtoto wa shemeji yangu amerudi kutoka masomoni mjini, naye anasema ibada hiyo haina thamani kwa sababu hakuna padre, na kwamba ni bora kubaki nyumbani kutazama Misa kwenye simu, maana huko kuna padre wa kweli na mageuzo ya kweli ya mkate na divai kuwa Mwili na Damu ya Kristo. Vijana wengi wamemfuata, na baadhi ya akina mama pia. Kwenda parokiani ni mwendo wa zaidi ya saa nne kwa miguu. Nyumbani nina mama mkwe aliyepooza, na mume wangu akirudi na dagaa wa usiku, Jumapili asubuhi sina budi kuwaanika. Je, nahesabiwa dhambi kwa kukosa Misa? Na nikienda kwenye ibada ya katekista, nimeitimiza Jumapili yangu au nimejichosha bure?

JIBU

Milele amina, mama. Nianze na lile linalokunyima usingizi: huna dhambi. Amri ya Kanisa ya kushiriki Misa Dominika, yaani Jumapili, na sikukuu zilizoamriwa inamfunga mwenye uwezo wa kuitimiza. Mahali ambapo hakuna padre, na parokia iko mbali kiasi hicho, na ndani ya nyumba yupo mgonjwa asiyeweza kugeuka kitandani bila mkono wako, amri hiyo haikudai siku hiyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2181, inataja ugonjwa na malezi ya watoto wachanga kuwa sababu nzito za kumwondolea mtu wajibu, na kumuuguza aliyepooza ni sababu ya uzito uleule. Kwa hiyo usiende kitubioni kuungama kwamba ulikosa Misa katika Jumapili ambayo Misa haikuwepo. Nimewasikia waamini wema wakiungama hivyo mwaka baada ya mwaka, na sidhani kama Mungu anafurahia tuwaache wabebe hatia ambayo hakuwatwisha.

Lakini hapo ndipo wengi wanapoishia, kana kwamba wajibu ukiondolewa, Jumapili nayo imeondolewa. Kuitakatifuza siku ya Bwana ni agizo la Mungu mwenyewe katika Amri Kumi, na halikomi kwa sababu padre yuko kigango kingine. Ndiyo maana Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, katika kanuni ya 1248, unaendelea kusema kwamba, kukiwa hakuna mhudumu mtakatifu, kama vile padre, au kukiwa na sababu nyingine nzito, inapendekezwa sana waamini washiriki ibada ya Neno inapoadhimishwa kanisani kwa taratibu za askofu wa jimbo, au watumie muda wa kutosha kusali, kila mtu peke yake, au na familia yake, au familia kadhaa pamoja. Ukiuliza basi kama ibada ya katekista imechukua nafasi ya Misa, jibu ni hapana, maana hakuna kinachochukua nafasi ya Misa. Ukiuliza kama umeitimiza Jumapili yako, nakujibu bila kusita kwamba umefanya kile ambacho Kanisa, mama yako, linamwomba mtu aliye katika hali yako.

Sasa nimgeukie kijana wetu, kwa sababu maneno yake yamekwisha kuwatoa watu kanisani, na maneno ya namna hiyo hayafai kuachwa yapite. Anasema kwenye simu kuna padre wa kweli na mageuzo ya kweli. Ni kweli kabisa, mageuzo yapo, lakini yapo pale altareni, alipo padre yule na watu waliokusanyika mbele yake. Kijana aliyelala mkekani huku ameshika simu hayumo katika kusanyiko lile. Hakuna anayebatizwa kwa simu, hakuna anayepakwa mafuta ya wagonjwa kwa simu, wala hakuna anayeondolewa dhambi kwa simu, na sababu ni moja katika yote: Mungu aliyetwaa mwili anatugusa kwa maji, kwa mafuta, kwa mkate na kwa mikono ya watu. Papa Yohane Paulo II, katika barua yake ya mwaka 1998 juu ya siku ya Bwana, alisifu matangazo ya Misa ya redio na televisheni kwa sababu yanawafariji wagonjwa na wasioweza kutoka, lakini alieleza waziwazi kwamba kuyafuata matangazo hayo kwenyewe hakutimizi wajibu wa Dominika. Mwaka 2020, baada ya ugonjwa wa korona kuyafunga makanisa katika nchi nyingi, Idara ya Ibada ya Vatikano iliandika tena kwamba hakuna matangazo yanayoweza kulingana na kushiriki mtu mwenyewe.

Hoja yake, ukiichunguza, inajipinga yenyewe. Kama kukosekana kwa padre kunaifanya ibada ya kigango kuwa bure, basi chumbani kwake nako hakuna padre, hakuna altare, hakuna Komunyo, na zaidi ya hayo hakuna hata ndugu. Amekimbia mahali penye upungufu mmoja akaenda kukaa penye upungufu mwingi.

Mtu akifiwa, aliye mbali humpigia simu kumpa pole, na pole hiyo hupokelewa kwa shukrani. Jirani wa nyumba ya tatu akipiga simu badala ya kufika msibani, kijiji kizima kinajua alichofanya. Mama mkwe wako ni yule aliye mbali: kitanda kimemweka mbali, na kwake redio au simu ni neema. Kijana mwenye miguu mizima, aliye umbali wa dakika chache kutoka kanisani, hana ruhusa ya kujihesabu pamoja naye.

Kosa lake la pili ni zito kuliko la kwanza, nalo ni kusema kwamba pasipo padre hakuna kitu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa zima, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya Liturujia, unafundisha kwamba Kristo yupo katika sadaka ya Misa, katika nafsi ya mhudumu na hasa katika maumbo ya Ekaristi. Kwamba yupo kwa nguvu yake katika sakramenti. Kwamba yupo katika neno lake, maana yeye mwenyewe anasema Maandiko yanaposomwa kanisani. Na kwamba yupo Kanisa linaposali na kuimba, kama alivyoahidi kuwa kati ya wawili au watatu waliokusanyika kwa jina lake. Kuwapo kwake katika Ekaristi ni kuwapo kwa namna ya pekee isiyolinganishwa, na sitaki mtu anielewe vinginevyo. Ila anayeziita namna nyingine kuwa si kitu hamdharau katekista tu, anamdharau Bwana anayesema naye. Hati hiyohiyo inahimiza maadhimisho ya Neno la Mungu siku za Dominika, hasa mahali pasipo na padre, yakiongozwa na shemasi au mtu mwingine aliyekabidhiwa na askofu. Katekista wenu hakujiokotea kazi hii njiani.

Tena angejua historia ya ziwa analolitazama kila siku, angenena kwa adabu zaidi. Wamisionari wa Afrika walifika Ujiji mwaka 1879, wakiwa wachache mno kwa nchi kubwa namna hii, na baadhi yao homa iliwachukua mapema. Imani ilipenya vijijini kwa miguu ya makatekista. Kule Karema, kusini mwenu kwenye pwani hiihii, aliishi Adrian Atiman, aliyenyakuliwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomea utabibu Malta, kisha akaja kutibu wagonjwa na kufundisha dini kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 hadi alipofariki mwaka 1956. Hakuwa padre. Wazee wetu waliobatizwa zamani hizo wangengoja Jumapili yenye padre peke yake ndipo wakusanyike, sijui leo tungekuwa tunabishania nini. Mwaka 2021 Papa Fransisko aliifanya huduma ya katekista kuwa huduma rasmi inayotolewa kwa ibada maalumu ya Kanisa, na nadhani alikuwa akiwafikiria watu kama mwalimu wenu.

Nisiwe mdhalimu kwa kijana, hata hivyo. Vijana hawakimbii Neno la Mungu kila mara. Mara nyingine wanakimbia mengine tuliyoyapakia juu yake. Zipo ibada ambazo masomo yanasomwa kwa haraka na mtu asiyeyapitia kabla, mahubiri yanakuwa mafumbo ya kumsema jirani, kisha saa nzima inakwenda kwenye matangazo na kuitwa majina ya wasiomaliza michango. Ukiona hivyo, ipelekeeni lawama halmashauri ya kigango. Mwongozo uliotolewa na Vatikano mwaka 1988 kwa ajili ya ibada za Dominika bila padre una utaratibu mzuri: kukusanyika, masomo na zaburi ya siku, mafafanuzi ambayo ni vyema yawe yameandaliwa na paroko na kusomwa na kiongozi, maombi ya waamini, sala ya shukrani, na Komunyo pale ambapo Ekaristi imehifadhiwa na askofu ameruhusu. Mwongozo huo unamkataza pia mlei, yaani muumini asiye padre wala shemasi, kukalia kiti cha padre, kusema “Bwana awe nanyi”, kubariki watu kama padre, au kutunga sala ya shukrani inayofanana na Sala ya Ekaristi. Katekista anayeiga hayo kwa kutafuta heshima anawapa hoja wale wanaomdharau, na anawafanya watu wasahau njaa ya Misa ambayo ibada ingepaswa kuiamsha. Wapo waamini waliokwisha kuzoea kiasi cha kutoona tofauti, na padre akifika baada ya mwezi mzima huwakuta wamekwenda sokoni. Hao nao wamepotea, kwa upande wa pili wa njia.

Kuhusu dagaa, usiogope. Kanuni ya 1247 inatutaka tuache Jumapili kazi zinazozuia ibada, furaha na pumziko la siku ya Bwana, lakini Katekisimu inakiri kwamba mahitaji ya familia ni udhuru halali, na dagaa wa usiku wa Jumamosi wakikosa jua la asubuhi wanaoza, nao ndio ada ya shule na unga wa nyumba. Waanike. Katekisimu hiyohiyo inaonya udhuru halali usigeuke mazoea, nawe unajua kuliko mimi kwamba ziwa haliwaiti wavuvi kila usiku: siku za mbalamwezi karabai hazina kazi na mitumbwi hupumzika, basi Jumapili hizo dagaa wasitajwe. Zile nyingine, mwombeni katekista na halmashauri ya kigango wasogeze ibada hadi saa nne, akina mama wakiwa wamekwisha kuanika. Saa ya ibada imewekwa na watu, na watu wanaweza kuisogeza.

Mume wako hukumtaja isipokuwa kwa habari ya uvuvi. Mgonjwa huyo ni mama yake mzazi. Namheshimu mtu aliyekesha ziwani, na haki yake ya kulala ninaitambua, lakini Jumapili za mbalamwezi anaweza kukaa na mama yake wewe ukaenda kusali, na Jumapili inayofuata mkabadilishana. Mwambie kwa upole, ikiwezekana wakati ambapo hamjakasirikiana. Siku padre anapokuwepo kigangoni jumuiya yenu itafute mtu wa kukaa na mgonjwa ili mwende wote wawili. Hiyo ni kazi halali ya jumuiya ndogondogo, na ina faida kuliko kukusanyika kwa ajili ya kuhesabu nani hakuja.

Kijana msibishane naye mbele ya watu. Katekista amfuate, ampe somo la pili la Jumapili ijayo, amwombe alipitie mapema na kulisoma kwa sauti inayosikika nyuma ya kanisa. Simu yake nayo isilaaniwe: itamsaidia kupata masomo ya siku na maelezo yake, na jioni anaweza kuileta kwa bibi yake amtafutie Misa, akae naye hadi mwisho badala ya kumwachia na kuondoka.

Limebaki la mama mkwe. Mtakatifu Yustino, mwandishi Mkristo wa kale, alipoeleza katikati ya karne ya 2 jinsi Wakristo walivyokusanyika Dominika, alitaja kwamba mashemasi waliwapelekea Ekaristi wale ambao hawakuwepo. Mgonjwa wako ana haki ya kupelekewa vilevile. Mwambie katekista aandike jina lake na alifikishe kwa paroko kabla ya ziara ijayo, ili padre apite kwenu amwungamishe, ampe Komunyo na Mpako wa Wagonjwa. Mpako si sakramenti ya wanaokata roho peke yao, ni ya kila muumini ambaye ugonjwa au uzee umeanza kumtia hatarini, kwa hiyo msingoje azidiwe.