Imani ya mtoto mdogo hujengwa nyumbani: namna ya kutumia nyakati mlizo nazo tayari

Wazazi wengi Wakristo huiachia Shule ya Jumapili kazi ya kumfundisha mtoto imani. Walimu wa pale wanafanya kazi kubwa, lakini wanakuwa na mtoto kwa muda mfupi mara moja kwa wiki, tena katikati ya kundi la wenzake. Kumbukumbu la Torati 6:7 inamwagiza mzazi awafundishe watoto maneno ya Mungu "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo". Nyakati hizo nne familia inazo hata sasa. Kilichobaki ni kuzitumia kwa makusudi, na kwa kipimo anachokiweza mtoto wa miaka miwili hadi saba.

Anza na usiku, kwa sababu ndio wakati mtoto anatafuta utulivu na anataka mzazi akae naye. Mpangilio una uzito. Aoge, ale, apige mswaki, aende chooni, apande kitandani, chandarua kishushwe, ndipo msali. Sala ikifanyika sebuleni huku televisheni inaongea, mtoto ataangalia televisheni, na hana kosa. Tenga dakika tano tu: tatu za kisa, moja ya sala, moja ya kumwekea mkono kichwani na kumbariki. Ukizidisha hapo, atasinzia au ataanza kuuchukia wakati wenyewe.

Mtoto wa miaka miwili au mitatu mwanzishie sentensi, naye amalizie neno: "Asante Yesu kwa..." Akisema "ng'ombe", ipokee. Akifika minne, mpe mambo matatu ya kushika: kitu cha kushukuru, kitu cha kuombea msamaha, mtu wa kuombea. Baba Yetu ianze karibu na miaka mitano, mstari mmoja kwa wiki. Msali yote, ila ule mstari wa wiki mwachie auseme peke yake. Maneno ya Wakatoliki na ya Waprotestanti yanatofautiana kidogo, kwa hiyo shikeni yale ya kanisa mnalosali, na bibi pamoja na dada anayewasaidia nyumbani wayajue. Mtoto anayesikia maneno tofauti kila usiku hachukui hata moja.

Kisa nacho kiwe kimoja kwa wiki nzima. Mzazi ndiye anayechoka kurudia, mtoto anafurahia. Usiku wa kwanza na wa pili simulia wewe kwa mdomo, Biblia ikiwa mkononi ili ajue kisa kinatoka wapi. Kuanzia wa tatu muulize, "Halafu ikawaje?" Mwisho wa wiki atasimulia yeye. Kwa umri huu chagua visa vyenye vitu anavyovijua: kondoo mmoja aliyepotea kati ya 100, Samweli kuitwa usiku, mvulana mwenye mikate mitano na samaki wawili. Kile cha mwanamke aliyepoteza shilingi moja kati ya kumi, Luka 15:8, kifanyeni mchana. Hesabuni sarafu kumi, ficha moja chini ya mkeka, mpe mtoto ufagio aitafute mpaka aipate, kisha mfurahi kwa sauti. Abrahamu na Isaka, au kifo cha wazaliwa wa kwanza wa Misri, visubiri akue, na visiwe vya kulalia kamwe.

Kosa linaloharibu sala za nyumbani kuliko yote ni kuzigeuza kuwa maonyo. "Bwana, msaidie huyu mtoto aache uongo, unajua alivyovunja kikombe akakataa." Mtoto anajua anayesemwa ni yeye, na kwamba hawezi kujibu kwa sababu macho yamefumbwa. Maonyo yana wakati wake. Mpe ana kwa ana, mchana. Ndugu wa kosa hilo ni lile tishio la "Mungu atakuchoma". Litamnyamazisha leo, lakini baadaye utamwambia Mungu huyo huyo anampenda, naye hatajua ashike lipi.

Chakula hakina maelezo marefu. Sala iwe ya sentensi mbili, isiyozidi muda wa ugali kuanza kupoa, na mtoto aiongoze zamu yake ikifika. Mtaje aliyepika.

Msamaha ndio somo gumu, na nyumba yenye watoto wawili inalitoa kila siku. Usimlazimishe aliyempiga mwenzake aseme "nisamehe" hapo hapo, machozi yakiwa bado yanatiririka; atalitamka kama adhabu. Watenganishe mpaka watulie, kama dakika kumi. Kisha mwite mkosaji, aseme alichofanya kwa maneno yake, na muulize atakitengenezaje: arudishe mdoli, aufute uchafu, amshike mwenzake mkono. Ndipo aombe msamaha. Aliyekosewa mpe nafasi ya kusema "bado". Sala ije mwisho, fupi.

Lakini yote hayo hayatashika kama mzazi mwenyewe haombi msamaha. Ukimfokea mtoto bila haki, chuchumaa mlingane macho, taja ulichofanya, sema "nilikosea, naomba unisamehe", uishie hapo. Ukiongeza "lakini na wewe ulikuwa..." umelifuta ombi lako. Wapo wanaohofia kwamba hivyo heshima inapungua. Mimi naona kinyume chake, na Waefeso 6:4, inayowakataza akina baba kuwachokoza watoto wao, iko upande wa mtoto hapa.

Sadaka iandaliwe Jumamosi jioni. Ukimtumbukizia sarafu mkononi wakati kikapu kinapita, atakuwa amebeba sadaka yako. Mjomba akimpa shilingi 500, ichenji kwa sarafu za 100, ziweke mezani, mwache achague ngapi ni za Mungu, na usimwongezee wala kumpunguzia. Jumamosi hiyo hiyo tafuta nguo na viatu, maana Jumapili inayoanza kwa kutafuta kiatu cha kushoto huishia kwa hasira hadi mlangoni mwa kanisa. Kaeni pembeni mwa benchi, karibu na mbele, aweze kuona. Akianza kulia, toka naye, atulie, mrudi. Njiani muulize mliimba nini, maana "ulijifunza nini?" ni swali la mtihani.

Mkienda kumwona mgonjwa, mtoto ndiye abebe kilo ya sukari na kuikabidhi mwenyewe, kwa mikono miwili. Mwambie kabla hamjatoka ataona nini: mtu amelala, pengine hatazungumza sana.

Maswali magumu yatakuja bila hodi. Akiomba baiskeli na haikuja, usimnunulie kwa siri ili "Mungu aonekane amejibu"; siku ombi litakapokuwa la kumponya babu, hutakuwa na la kununua. Mwambie Mungu anasikia, na kwamba si kila tunachoomba tunapewa, hata watu wazima. Msiba ukitokea, epuka kumwambia kwamba bibi "amelala" au "Mungu alimpenda sana akamchukua". Watoto wadogo huchukua maneno kama yalivyo: aliyeambiwa la kwanza ataogopa kufumba macho, aliyeambiwa la pili ataogopa kupendwa na Mungu. Sema bibi amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hasikii maumivu, na sisi tunaamini Yesu atamfufua. Ataliuliza tena kesho na keshokutwa; mjibu vile vile. Akiogopa giza siku hizo, Zaburi 56:3 inamtosha kwa ufupi wake: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Mfundishe aiseme polepole huku umemshika mkono.

Na usiku atakaokataa kusali, usimlazimishe wala usimnunie. Sali wewe kwa sauti ya kawaida, mtaje kwa jina ukimshukuru Mungu kwa ajili yake, mwekee mkono kichwani, zima taa. Kesho mwanzishie sentensi kama kawaida.