Duara jeupe lenye tundu jeusi si Mshtarii, ni fokasi haijakaa

Mkuu, usiirudishe hiyo darubini. Umesema ni ya kioo cha milimita 114, urefu wa fokasi milimita 900, imekuja na lenzi tatu za jicho (milimita 25, 10 na 4), na kila ukiielekeza kwenye Mshtarii (sayari ya Jupita) unaona duara kubwa jeupe lenye tundu jeusi katikati, linatetemeka kisha linakimbia. Hakuna kilichovunjika hapo. Tundu jeusi ni kivuli cha kile kioo kidogo kilichoning'inia mdomoni mwa bomba, na huonekana pale tu fokasi ikiwa mbali. Zungusha gurudumu la fokasi polepole upande mmoja. Duara likizidi kupanuka, rudi upande wa pili. Litapungua, litapungua, mpaka liwe kidoa kidogo chenye kingo kali. Ukipitiliza litaanza kukua tena, kwa hiyo rudi nyuma kidogo, uache pale lilipokuwa dogo kuliko kote.

Gurudumu likigonga mwisho kabla ya kufika hapo, legeza skrubu inayoshika lenzi, ivute nje kama sentimita moja, ukaze, kisha uangalie. Picha ikiwa afadhali, ujue unahitaji kipande cha kurefusha mrija. Na kila ukibadili lenzi, fokasi inaanza upya. Usidhani ya 25 ikikaa na ya 10 imekaa.

Sasa tatizo la pili, ambalo naona ndilo kubwa: umeanza na lenzi ya 4. Ukuzaji ni urefu wa fokasi wa darubini gawanya kwa urefu wa fokasi wa lenzi. 900 kwa 25 ni mara 36, kwa 10 ni mara 90, kwa 4 ni mara 225. Kikomo cha kawaida ni mara mbili ya kipenyo cha kioo kwa milimita, yaani kwako 228, tena usiku hewa ikiwa imetulia kabisa. Kwa hiyo ile ya 4 inakupeleka ukingoni kabisa: picha inafifia, mtetemo wa hewa na wa stendi unakuzwa vilevile, na eneo unaloliona linakuwa dogo mno. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, hivyo kwa mara 225 sayari inavuka eneo lote la lenzi kwa muda usiofika dakika moja. Ndiyo hiyo "inakimbia" yako. Kwa mara 90 unapata kama dakika mbili. Wauzaji wanapenda kuandika namba kubwa kwenye boksi, lakini Galileo aliiona miezi minne ya Mshtarii Januari 1610 kwa ukuzaji wa mara 20 hivi.

Kabla ya giza, nyoosha ile darubini ndogo ya kulengea. Weka lenzi ya 25, tafuta ncha ya mnara au nguzo iliyo mbali, mita mia kadhaa au zaidi, uiweke katikati ya lenzi. Kisha zungusha skrubu za darubini ndogo mpaka msalaba wake ukae juu ya ncha ileile. Rudia kwa lenzi ya 10. Picha itakuwa kichwa chini. Ndivyo zilivyo darubini za aina hii. Zoezi hili lifanyike upande ambao jua halipo kabisa, na usiiache darubini wazi watoto wakiwa karibu. Jua kupitia kioo hicho linaharibu jicho papo hapo.

Usiku, toa darubini nje nusu saa kabla. Kioo kikiwa na joto kuliko hewa, ndani ya bomba kunakuwa na mawimbi kama yale ya juu ya lami mchana. Usitazame kupitia dirishani, wala juu ya paa lililoshinda juani. Subiri Mshtarii ipande: ngumi moja kwa mkono ulionyooshwa ni kama nyuzi 10, basi ngumi nne juu ya upeo panafaa.

Kwa mara 36 utaona kiduara kidogo na hadi nukta nne zilizojipanga kwenye mstari, ndiyo miezi yake. Mmoja wao, Io, huzunguka kwa saa 42 hivi, kwa hiyo ukirudi baada ya saa chache mpangilio umebadilika. Kwa mara 90 tazama mistari miwili ya kahawia katikati, na utulie jichoni dakika kumi, maana hewa hutulia kwa vipande vya sekunde. Lile doa jekundu, dhoruba kubwa ya Mshtarii, huonekana likiwa limeelekea huku tu, na limepauka. Rangi kali unazoziona kwenye picha za chombo cha angani Juno usizitarajie. Chombo hicho kimefika huko tangu 2016, wewe uko chini ya hewa nzito.

Ikiwa fokasi imekaa na bado kuna ukungu wa upande mmoja, pima kama vioo vimenyooka. Weka nyota angavu katikati kwa mara 90, sogeza fokasi kidogo tu. Tundu jeusi likiwa katikati ya duara, usiguse kitu. Likiwa pembeni, legeza skrubu tatu za kufunga nyuma ya bomba, zungusha moja ya zile za kurekebisha robo mzunguko, irudishe nyota katikati, angalia tena. Mabadiliko ni madogo. Anayezungusha mzunguko mzima hupotea.

Vumbi kwenye kioo liache. Kulifuta kwa kitambaa kunaleta mikwaruzo iliyo mbaya kuliko vumbi lenyewe. Umande ukiingia, weka bomba wazi ndani ya chumba, mdomo ukiwa umeinama chini, likauke ndipo ulifunike.