Kona ya Mwalimu Mstaafu: Mto unaopanda ramani

*Barua tatu za mwezi huu zimeangukia Misri ya kale, bila mimi kupanga. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu swali lake liliwahi kunishinda hata mimi.*

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninafundisha darasa la sita katika shule ya kijijini wilayani Sengerema. Wanafunzi wangu ni 83, ramani ya Afrika ni moja, nayo imechanika palepale Sudan. Nikifundisha Misri ya kale wanakariri Memfisi, Thebe, delta na Farao, na kwenye jaribio wanafaulu. Juzi mtoto mmoja akauliza: "Mwalimu, mto unapandaje ramani? Na mbona Misri ya Juu iko chini?" Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka ili nisijibu. Nimewahi kuwachoresha ramani wapake rangi, ila naona wanapaka tu. Nifanye nini kisichohitaji fedha?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo mtoto mkabidhi chaki awe msaidizi wako, maana ameuliza swali la kipindi kizima.

Tatizo limeanzia ukutani. Ramani ikitundikwa, kaskazini inakuwa kule kwenye dari, na mtoto anayejua kuwa maji hushuka anaona kabisa kwamba huu Mto Nili unapanda. Itungue, ilaze sakafuni waizunguke, kisha watoe nje.

Kata fimbo ya sentimita 75. Kila fimbo ni kilomita 50. Toka Aswan, kusini mwa Misri, hadi Kairo, ukiufuata mto, ni kama kilomita 950, yaani fimbo 19. Toka Kairo hadi Bahari ya Mediterania kwa tawi la Rosetta ni kama kilomita 240, fimbo 5 kasoro kidogo. Jumla ni mita 18, na hakuna uwanja wa shule usiofika hapo. Anzia upande wa kusini halisi, mtoto mmoja asimame Aswan akitazama kaskazini, mawio yakiwa mkono wake wa kulia. Chora mto kwa majivu kutoka miguuni pake kwenda mbele. Ukifika Kairo mto unatanuka kama vidole, na pwani ya delta nayo ina upana wa fimbo 5 hivi. Thebe, ambayo leo ni Luxor, iwekee jiwe fimbo ya nne na ushei kutoka Aswan. Memfisi iko kusini kidogo tu ya Kairo.

Sasa njoo kwenye udongo, ambapo mimi huwa sina haraka. Udongo mweusi wa mbuga huko kwenu haununuliwi, kila mtoto alete kopo moja. Kabla hawajaumwaga kando ya mto, waulize nchi ya kulima ilikuwa na upana gani. Watatanua mikono, mita nzima. Hapo ndipo unapotoa rula ya sentimita 30. Kwa kipimo chetu rula hiyo ni kilomita 20 hivi, na bonde kati ya Aswan na Kairo likipanuka sana ndiyo hapo. Kwingine linabana hadi upana wa vidole viwili. Pande zote zilizobaki ni jangwa. Wamisri wenyewe waliiita nchi yao Kemet, nchi nyeusi, na jangwa wakaliita Deshret, nchi nyekundu. Mara ya kwanza nilipofanya zoezi hili, kijana mmoja aliruka kutoka ukingo mmoja wa udongo hadi wa pili, akaruka kurudi, akasema: "Mwalimu, kumbe nchi yao ni njia ya ng'ombe!" Maneno hayo nimeyaiba na kuyatumia mpaka nastaafu.

Umesema wanafunzi ni 83. Gawa makundi: wa mto, wa udongo, wa miji, wa maji. Waliobaki, ambao ndio wengi, wawe jangwa, wakae chini pande zote mbili. Wakilalamika kwamba wamejazana huko na hawana kazi, waambie jangwa ndivyo lilivyo, kubwa na halina kazi ya jembe.

Kuhusu Misri ya Juu, yaani ile ya kusini, warudishe Aswan uwageuze watazame nyuma, kusini, kule mto unakotoka. Wamisri wa kale walielekea huko. Katika lugha yao neno la kushoto lilikuwa na undugu na neno la mashariki, na la kulia na la magharibi. Simama ukitazama kusini utaona kwa nini. Ipo ramani yao ya karatasi ya mafunjo, ya mwaka 1150 KK hivi, enzi ya Ramesses wa Nne, inayoonyesha bonde la Wadi Hammamat na machimbo yake ya dhahabu na mawe. Vilima vimepakwa rangi tofauti kulingana na aina ya mwamba, na kusini iko juu. Leo inatunzwa kwenye makumbusho ya Misri mjini Turin, Italia. Basi nawe ipindue ramani yako iliyochanika, ziwa lenu la Viktoria liwe juu na Mediterania chini. Mto unashuka, Misri ya Juu inapanda mahali pake, na yule mtoto amejibiwa bila wewe kufungua mdomo.

Kuna picha mbili nyingine nisizoziacha kamwe. Chora ubaoni chombo kilichotweka tanga, na kando yake chombo kisicho na tanga. Katika maandishi ya Wamisri picha ya kwanza iliambatana na neno la kusafiri kwenda kusini, ya pili na neno la kwenda kaskazini. Usiwaambie. Wape habari mbili tu: mto unakwenda kaskazini, na upepo wa kule mara nyingi unavuma kutoka kaskazini. Waseme wenyewe ipi ni ya safari ipi. Watoto waliokulia kando ya ziwa na kuona mitumbwi ya tanga watakujibu kabla hujaweka chaki chini.

Nakupa onyo moja lililonigharimu aibu. Kwa miaka sita nilifundisha kwamba tope la Misri lilitoka kwenye ziwa letu. Ukiwa mkazi wa Kanda ya Ziwa, habari hiyo ni tamu mdomoni. Siku moja mzazi mmoja, mvuvi, alikuja kuulizia ada, akasimama mlangoni akasikiliza, akasema: "Mwalimu, maji ya ziwa hili nimeyaona yakitoka pale Jinja, hayana tope. Hilo tope la Misri waliliokota wapi?" Nikasema nitamjibu kesho. Kesho ilichukua wiki tatu.

Jibu ni Ethiopia. Mvua za milima yake, Juni hadi Septemba, ndizo zilizoujaza Nili ya Bluu, inayotoka Ziwa Tana na kukutana na Nili Nyeupe pale Khartoum, na ndizo zilizoujaza mto Atbara ulio mbele yake. Mito hiyo miwili ndiyo iliyoleta mafuriko na tope. Maji ya kwetu, yaani ya Nili Nyeupe, yanapita kwanza kwenye vinamasi vya Sudd huko Sudan Kusini, ambako karibu nusu yake inapotelea hewani, lakini yanayobaki yanatiririka mwaka mzima na kuushikilia mto wakati wa ukame. Watoto wawili wenye chupa wanalionyesha hilo vizuri kuliko mimi. Mmoja ana maji safi, anamimina taratibu bila kukoma. Mwenzake ana maji ya tope, anangoja, darasa linahesabu miezi kwa sauti, na likifika Juni anayamwaga yote. Waache waone ni maji ya nani yaliyofurika kingo na kuacha weusi.

Baada ya hapo ndipo warudi darasani wachore duara la miezi kumi na miwili kwenye manila, waligawe mara tatu: Akhet, mafuriko, Peret, kupanda na kuota, Shemu, mavuno. Kila msimu miezi minne ya siku 30, halafu siku tano za nyongeza. Nje ya duara waandike kalenda ya mashamba ya kwao. Na rangi sasa wapake, kwa kuwa kila rangi wameshaikanyaga. Usisahau kuwaambia kwamba mafuriko hayo leo hayapo. Yalikatwa na Bwawa Kuu la Aswan lililokamilika mwaka 1970.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mwanangu wa darasa la tano ameagizwa na shule atengeneze piramidi kwa maboksi. Nimenunua gundi, manila na rangi ya dhahabu, shilingi elfu kumi na mbili zimekwenda. Usiku nilimaliza mimi, yeye amelala. Kweli hii ni jiografia? *Mama wa Temeke*

JIBU: Hapana, mama, hiyo ni ushonaji wa maboksi, na aliyeshona ni wewe. Lakini hela imeshakwenda, tusiitupe kazi yako. Kwanza hiyo rangi ya dhahabu isugue itoke. Piramidi ya Farao Khufu pale Giza ilivishwa mawe meupe ya chokaa. Ilikuwa na urefu wa mita 146 hivi ikiwa mpya, na ilikuwa inang'aa weupe.

Kisha iweke juu ya shuka la rangi ya mchanga, na kando yake tandaza kanga ya bluu iwe mto. Mwulize mtoto aiweke upande gani. Iende magharibi, jua linakotua, kwa kuwa huko ndiko walikowazikia wafalme wao. Na ikae ukingoni mwa jangwa, mahali palipoinuka. Mwulize kwa nini haikujengwa kwenye udongo mweusi. Mtoto aliyewahi kuona ugomvi wa shamba atajibu. Halafu avute nyuzi tatu. Uzi mfupi kabisa ni wa mawe mengi ya ndani, yaliyochimbwa hapohapo Giza. Wa pili uvuke mto kwenda Tura, ng'ambo ya mashariki, yalikotoka yale mawe meupe. Wa tatu uende kusini hadi Aswan, zaidi ya kilomita 800, yalikotoka mawe magumu ya matale ya chumba cha mfalme. Akimaliza, mwulize mawe hayo yalipitaje. Mwaka 2013 yalipatikana huko Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, mafunjo yenye shajara ya msimamizi mmoja aitwaye Merer, aliyekuwa akisafirisha mawe ya Tura kwa mashua kwenda Giza zama za Khufu mwenyewe. Uzi, kanga na shuka unavyo ndani. Shule ingeagiza hivyo, ungelala mapema.

SWALI: Assalaam aleikum, Mwalimu. Hapa Tanga tunabishana barazani: ile nchi ya Punt, Wamisri walikofuata ubani, si ndiyo pwani yetu hii? Nataka kuwafundishia wajukuu.

JIBU: Waaleikum salaam, mzee wangu. Najua ungependa niseme ndiyo. Wataalamu wengi wanaiweka kusini mwa Bahari ya Shamu na kwenye Pembe ya Afrika, pande za Eritrea, Ethiopia na Somalia, na mimi nakaa nao. Lakini baraza yako isivunjike, kwa sababu ubishi wenyewe ni somo zuri la kutazama picha. Malkia Hatshepsut wa Misri alituma vyombo huko karibu miaka 3,500 iliyopita, na safari ikachongwa ukutani kwenye hekalu lake la Deir el-Bahari. Kuna nyumba zilizoinuliwa juu ya nguzo, zinapandwa kwa ngazi. Kuna miti ya manemane inabebwa na mizizi yake ndani ya vikapu. Kuna nyani. Na chini ya vyombo, majini, wamechorwa samaki.

Tafuta picha hizo, ufunike maelezo kwa kiganja, na wajukuu wataje kila wanachokijua na kila wasichokijua. Waanze na samaki. Hapo Tanga mtoto wa miaka minane atakuambia yupi ni wa maji chumvi na yupi si wa maji hayo kabisa.