Fataki zimeadimika, baruti haipatikani: mjazaji wa risasi afanye nini?

SWALI: Mwalimu, salaam. Mimi ni mkazi wa Kilimani hapa Nairobi, na nina leseni ya bastola ya milimita 9 ambayo huitumia katika mashindano ya kulenga shabaha. Shemeji yangu anaishi Marekani, jimbo la Minnesota, na kwa zaidi ya miaka kumi amekuwa akijijazia risasi nyumbani, za bastola na za bunduki yake ya kuwindia. Sasa analalamika kwamba fataki, vile vidude vidogo vya kitako cha ganda vinavyowasha baruti vikigongwa, zimekuwa adimu na baruti aliyoizoea imetoweka madukani. Mwenzake amemshauri atumie baruti nyingine yenye jina linalokaribiana na ile, au apunguze kipimo ili kopo moja limfikishe mbali. Je, ushauri huo ni salama? Na mimi hapa Nairobi, ambako risasi za mazoezi ni ghali, nikianza kujaza maganda yangu mwenyewe nitakuwa nimepata nafuu?

JIBU: Ndugu msomaji, naanza na lile lisiloweza kusubiri. Mpigie shemeji yako simu leo hii, umwambie asibadilishe baruti kwa kufuata jina, wala asishuke chini ya kipimo cha kuanzia kilichoandikwa katika kitabu cha vipimo. Mambo yote mawili yamewahi kupasua bunduki mikononi mwa watu waangalifu, na huwa yanatokea hasa nyakati za uhaba, kwa sababu ndipo mtu hushawishika kutumia kile alichonacho badala ya kile kinachotakiwa.

Suala la majina linahitaji maelezo. Madukani Marekani kuna baruti iitwayo H4350 na nyingine iitwayo IMR 4350. Namba ni moja, matumizi yanakaribiana, lakini baruti ni mbili tofauti na kipimo cha moja si kipimo cha nyingine. Hali ni hiyo hiyo kwa H4831 na IMR 4831. Kinyume chake, kuna baruti zenye majina yasiyofanana kabisa ambazo kwa kweli ni kitu kimoja kilichotiwa katika makopo mawili: HP-38 na Winchester 231 ni baruti moja, H110 na Winchester 296 ni moja, na ile inayouzwa Marekani kwa jina la Varget hutengenezwa Mulwala, Australia, ambako wao huiita AR2208. Kwa hiyo jina haliwezi kuwa mwongozo wa mtu. Mwongozo ni jedwali la mtengenezaji lililoandikwa kwa baruti ile ile, kichwa cha risasi cha uzito ule ule, na aina ile ile ya fataki. Akipata baruti ngeni ambayo ina jedwali lake, hakuna ubaya wowote kuitumia, mradi aanze upya kutoka kipimo cha chini na kupanda pole pole kama mtu ambaye hajawahi kujaza risasi hiyo. Asiyekuwa na jedwali hana baruti, hata kama kopo limejaa.

Kuhusu kupunguza kipimo, kitabu humpa mjazaji mipaka miwili, wa kuanzia na wa juu, na ndani ya mipaka hiyo ana uhuru wake. Akitaka kuokoa baruti, ajaze karibu na mpaka wa chini. Huo ni uamuzi wa busara, na mara nyingi risasi hizo hulenga vizuri zaidi. Hatari inaanza anapovuka mpaka huo kushuka. Zipo baruti zinazowaka polepole, kama hiyo H110 niliyoitaja, ambayo wauzaji wake, kampuni ya Hodgdon, huonya isipunguzwe kwa zaidi ya asilimia 3 ya kipimo walichokitoa, kwa kuwa ikipungua haiwaki sawasawa. Moto usiowaka sawasawa huweza kukiacha kichwa cha risasi ndani ya mtutu.

Nilipokuwa nikijifunza ufundi Afrika Kusini, ambako sheria huruhusu mwenye leseni kujijazia risasi, mteja mmoja alituletea bastola ya milimita 9 akisema kwamba imeanza kutupa risasi kushoto. Kwa nje ilikuwa safi, imepakwa mafuta vizuri. Nilipoutoa mtutu na kuuelekeza kwenye taa ya mezani, niliona ndani yake kivuli cha duara, mfano wa pete nyeusi, na nilipopitisha kidole kwa nje mahali hapo nilihisi chuma kimevimba kidogo tu, uvimbe ambao jicho halikuuona. Mwenyewe alikumbuka vizuri: risasi moja ililia "puf" badala ya mlio wake, slaidi, ile sehemu ya juu inayojirudisha bastola ikipiga, haikurudi nyuma, naye akaivuta kwa mkono akidhani risasi ilikuwa mbovu, akapiga nyingine. Kichwa cha kwanza kilikuwa bado kimekwama mtutuni. Mtu huyo alitoka na vidole vyake vyote, na wengine hawakubahatika hivyo. Tangu siku hiyo, kila ninayemfundisha humwambia kwamba mlio ukipungua au bastola isipopiga teke kama kawaida, anatoa kidole kwenye kifyatulio, anaielekeza bastola kwenye shabaha, anatoa magazini, anafungua slaidi, na haendelei mpaka fundi ahakikishe kwamba mwanga unapita kutoka mwisho mmoja wa mtutu hadi mwingine.

Fataki nazo zina mtego wake. Akikosa aina anayoizoea, shemeji yako anaweza kutumia ya kampuni nyingine ya ukubwa ule ule, lakini arudi kwenye kipimo cha kuanzia, kwa sababu fataki moja ina mwako mkali kuliko nyingine, na zile zinazoitwa "magnum" zina ukali wa ziada. Fataki kubwa ya bunduki isitiwe katika ganda la bastola: upana wake ni sawa na ule wa fataki kubwa ya bastola, lakini kimo chake kimezidi, hivyo hutokeza nje ya kitako cha ganda, na slaidi ikijifunga juu yake risasi inaweza kulipuka kabla kifyatulio hakijaguswa. Akiwa na maganda ya .45, ayachambue kwanza, kwani kaliba hiyo hutengenezwa kwa fataki kubwa na pia kwa fataki ndogo, na rundo lililookotwa uwanjani huwa limechanganyika. Wako pia wanaoonyeshana namna ya kutia upya dawa ndani ya fataki zilizokwisha kupigwa. Hilo asilijaribu kamwe. Dawa ya fataki hulipuka kwa kugongwa au kusuguliwa, na hata viwandani huishughulikia ikiwa imeloweshwa maji.

Unaweza kuuliza kwa nini vitu hivi vinakosekana katika nchi yenye viwanda vingi namna ile. Kwa muda mrefu fataki za wajazaji Marekani zimetoka hasa kwa majina manne: CCI, Federal, Winchester na Remington. Mwaka 2020 mahitaji yalipanda ghafla wakati wa janga la korona, na mwezi Julai mwaka huo huo Remington iliomba kinga ya mufilisi. Kiwanda chake cha risasi cha Lonoke, Arkansas, kilinunuliwa na kampuni ya Vista Outdoor, ambayo tayari ilikuwa ikimiliki CCI na Federal. Majina matatu kati ya manne yakawa chini ya paa moja. Kisha vita vya Ukraine, kuanzia 2022, vilivuta baruti kwenda kwenye mizinga, na nitroselulosi, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa baruti isiyo na moshi na hutengenezwa hasa kutokana na nyuzi fupi za pamba, ikawa adimu duniani. Mwaka 2024 kampuni ya baruti ya Alliant ilitangaza kusimamisha usafirishaji wa baruti zao za wajazaji kwa sababu hiyo. Nayaeleza haya ili shemeji yako aelewe kwamba uhaba wa namna hii haumaliziki kwa mwezi mmoja, na kwamba kukimbilia kila duka kwa bei yoyote hakumsaidii.

Kinachomsaidia ni hesabu. Baruti hupimwa kwa greini, kipimo kidogo sana cha uzito, na paundi moja ina greini 7,000. Risasi ya bastola inayotumia greini 5 hutoa risasi 1,400 kwa paundi. Risasi ya bunduki inayotumia greini 42 hutoa 166 tu. Fataki, kwa upande wake, ni moja kwa kila risasi, iwe ndogo au kubwa. Maana yake ni kwamba baruti humwishia kwanza mwenye bunduki, na fataki humwishia kwanza mwenye bastola. Ajipime kwa njia hiyo: kwa bunduki ya kuwindia ahesabu risasi anazohitaji kwa msimu, pamoja na chache za kuthibitisha shabaha, azitengee baruti yake na asiiguse kwa jambo lingine, mazoezi ya kawaida ayahamishie kwenye bunduki ndogo ya .22, ambayo risasi zake hununuliwa zikiwa tayari na hazitumii fataki wala baruti ya kabatini kwake.

Maganda ndiyo sehemu ambayo uvumilivu hulipa. Ganda la bastola la shinikizo dogo hujazwa mara nyingi sana, na hutupwa mdomo wake unapopasuka au tundu la fataki linapolegea. Ganda la bunduki halina umri mrefu hivyo, kwa kuwa hurefuka kila linapopigwa na kuwa jembamba kwa ndani, juu kidogo ya kitako. Achukue waya mwembamba, aupinde ncha kama ndoano ndogo, auingize kwenye ganda tupu na kuukwaruza taratibu ukutani kutoka chini kwenda juu. Ncha ikinasa kwenye mfereji mahali hapo, ganda hilo limekwisha, hata kama linang'aa kama jipya. Nimeona wakati wa uhaba watu wakiyaokoa maganda ya aina hiyo kwa huruma, na huruma hiyo huishia kwa ganda kukatika vipande viwili ndani ya chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inamokaa.

Asilimbikize kupita kiasi nyumbani. Viwango vya kuzuia moto vinavyofuatwa Marekani hutaja fataki 10,000 na paundi 20 za baruti kuwa kikomo cha kawaida cha nyumba ya kuishi, vyote vikiwa katika vifungashio vyake vya awali, na baadhi ya miji ina masharti makali zaidi. Kopo la zamani lililotoka kwa rafiki alifungue nje na kulinusa: harufu kali ya asidi au vumbi jekundu la kahawia ni dalili kwamba baruti imeoza, na haifai kujazwa wala kuhifadhiwa.

Sasa nije kwako. Hapa Kenya usianze. Risasi zinasimamiwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na baruti ni kilipuzi kinachoangukia Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115. Cheti chako kinataja silaha yako na idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na kuwa nazo kwa wakati mmoja. Hakikupi ruhusa ya kutengeneza hata moja. Ikiwa unalitaka jambo hili kwa dhati, iandikie Bodi ya Leseni za Silaha na usubiri jibu la maandishi kabla hujanunua hata mizani. Maganda unayopiga uwanjani yaache kwa msimamizi wa uwanja, usiyatie mfukoni ukaenda nayo mjini.

Nafuu yako iko katika mazoezi makavu. Toa risasi zote, zifungie chumba kingine, kagua chemba kwa jicho na kwa kidole mara mbili, tia risasi bubu za plastiki, na ulenge ukuta wa mawe usio na mtu nyuma yake. Dakika kumi na tano kila jioni za kuchomoa, kulenga na kuvuta kifyatulio bila mdomo wa bastola kutikisika zitakufaa kuliko risasi 200 zilizopigwa Jumamosi moja kwa haraka. Tahadhari hapa ni hasa kwa bunduki za .22: nyingi kati yake pini ya kufyatulia hugonga ukingo wa chemba zikifyatuliwa tupu, na ukingo huo ukiharibika ni kazi ya fundi.

Ukienda uwanjani, nenda na risasi 50, kila kumi zikiwa na kazi uliyoiandika kabla hujatoka nyumbani. Tano za kwanza zipige bila kujipasha moto, uandike zilipoangukia, kwa kuwa hizo ndizo zitakazokuonyesha kama mazoezi ya jioni yanazaa matunda. Na shemeji akiahidi kukutumia fataki chache ndani ya sanduku la ndugu anayekuja Krismasi, mkatalie mapema na kwa uwazi: fataki na baruti haziruhusiwi katika posta ya Marekani wala katika mizigo ya abiria, na ndugu huyo ndiye atakayesimamishwa Jomo Kenyatta akiwa hajui amebeba nini.