Kabla hujanyanyua Vigo, ipeleke kwenye mizani

Mkuu, umeuliza kama uinyanyue Vigo yako, hii pikapu ya Toyota Hilux, inchi nne ili isigonge chini ukiwa na mzigo, au ufunge mifuko ya hewa ya kusaidia springi za nyuma, na umesema fundi anashauri aongeze vyuma viwili kwenye springi hizo, kazi iishe. Mimi niliambiwa hivyo hivyo nikakubali. Ngoja nikwambie iliishia wapi.

Yangu ni Vigo ya milango minne, dizeli, inabeba vifaa vya kambi kutoka Arusha hadi Ziwa Natron: mahema, majiko, mitungi, maji. Anayeijua njia ya Mto wa Mbu kwenda Engaresero hahitaji maelezo. Mawe, makorongo, halafu yale matuta madogo kama bati la nyumba, yanakutikisa mpaka meno yanagongana.

Baada ya fundi kuongeza vile vyuma, gari likiwa na mzigo lilisimama vizuri, nikamsifu. Kurudi tupu ndipo shughuli ilipoanza. Nyuma ilikuwa inarukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, na nikikanyaga breki kwenye changarawe mkia unataka kutangulia. Safari ya tano nikasikia mlio kama wa bunduki. Chuma kikuu cha springi ya kushoto, kile chenye jicho, kimekatika pale pale ncha ya chuma kipya ilipoishia. Nyongeza ilikuwa nene na fupi, kwa hiyo kile kikuu hakikupinda tena mwili mzima, kilipindia sehemu moja kila siku. Tulibana gogo la kuwekea jeki kati ya ekseli na chesisi, tukazungushia mnyororo, tukarudi mwendo wa kinyonga.

Hapo ndipo nikajifunza kuanza na uzito. Springi ndiyo inayobeba gari. Shokapu haibebi kitu, inaituliza springi tu isiendelee kucheza. Ndiyo maana watengenezaji kama Old Man Emu wa Australia watakuuliza kwanza unabeba kilo ngapi *muda wote*, kimo kinafuata. Nilikwenda kwenye mizani ya malori ya ghala moja la nafaka, nikapima ekseli ya mbele peke yake, ya nyuma peke yake, gari tupu na gari lenye mzigo. Madumu 10 ya lita 20 tayari ni kilo 200 za maji, na hayo yanashuka njiani. Kisichoshuka kamwe kwangu (keria, sanduku la spana, tairi la akiba la pili, betri ya friji) kilikuwa kama kilo 280. Nikachagua springi za uzito wa kati, nikaziacha zile nzito ambazo muuzaji alikuwa anazisukuma. Gari lilipanda milimita 40 hivi, na tangu hapo haligongi.

Sasa hizo inchi nne, yaani kama milimita 100. Mbele ya Vigo kila gurudumu lina amu zake (mikono ya chuma inayolishika) na shafti inayotoka kwenye difu. Ukivuka kama milimita 50, shafti zinafanya kazi zikiwa zimelala pembe kali, mipira ya jointi inachanika, boljointi (kiungo cha duara) ya amu ya juu inafika mwisho wa mchezo wake. Alaimenti nayo inakataa kukaa sawa: kasta (mlalo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma) inapungua, usukani haurudi wenyewe, gari linatangatanga kwenye lami. Yapo mafurushi ya vipuri yanayorekebisha haya yote, lakini hapo unanunua amu mpya na unateremsha difu. Kwa kubeba mzigo tu, ya nini?

Halafu kuna kitu mafundi wengi wanakiruka. Chungulia juu ya ekseli ya nyuma, kama yako ni ya zile zenye kifimbo kilichounganishwa na vali ya breki. Kile kifimbo hupima gari limelemewa kiasi gani. Ukinyanyua nyuma bila kukirekebisha, vali inaamini gari ni tupu siku zote na inabania breki za nyuma. Una tani mgongoni, unateremka ukuta wa bonde, breki zinadhani huna kitu.

Shokapu usizionee ubahili. Kwenye yale matuta ya bati zinapanda na kushuka bila kupumzika, mafuta ndani yanachemka na kutoa povu, na shokapu inaacha kushika. Nina mchezo wangu: baada ya kama kilomita 40 za rafu rodi nashuka na kugusa zote nne kwa haraka, tena kwa ncha ya kidole, maana zinaunguza. Ikiwa tatu ni moto na moja ni baridi, hiyo ya baridi imekufa. Haifanyi kazi, ndiyo maana haipati joto.

Siku ya kufunga, simama hapo hapo gereji. Bolti za kwenye bushi (vile vipande vya mpira kwenye maungio ya springi na amu) zisikazwe gari likiwa juu ya jeki. Zishikizwe tu, gari literemshwe likae kwa magurudumu yake, ndipo zikazwe. Ukikaza likining'inia, mpira wa bushi unabaki umesokotwa na utapasuka mapema. Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, nunua mpya, na baada ya kilomita 500 zikazwe tena. Zangu zilikubali karibu robo mzunguko.

Na mifuko ya hewa uliyoitaja, mimi kwenye gari la milango minne naiogopa. Inasukuma chesisi sehemu moja, na mzigo mwingi ukiwa nyuma ya ekseli, chesisi inaweza kupinda.

Pima kwanza, weka hapa namba za kila ekseli, tupu na ukiwa na mzigo, na utuambie kama mbele una bampa la chuma au winchi. Hapo ndipo naweza kukutajia springi.